Kumkumbusha Mzee Pasikali

Winifrida hakuwa mtu wa michezo. Ukimtaka ungempata gulioni Mabamba, nyuma ya mafungu ya dagaa na maharage ya njano, amekunja uso kabla mteja hajafungua mdomo, maana alijua kinachofuata ni kuombwa apunguze. Alikuwa na miaka arobaini na saba. Aliolewa Kasulu, mume akafa kwa kifua, na shemeji zake wakamwambia, kwa upole ule unaouma kuliko matusi, kwamba nyumba ni ya ukoo. Akabeba godoro, sufuria mbili na binti yake Careen, akarudi kwa baba yake. Tangu siku hiyo alikuwa na msemo wake mmoja, kwamba mwanamke asiye na shamba ni mgeni kila mahali, hata kanisani.

Shamba alilorudia lilikuwa la baba yake, mzee Pasikali Nduwayezu. Ekari tatu zinazoteremka kutoka barabarani hadi kijitoni, migomba juu, mahindi na maharage katikati, mihogo kule chini. Pasikali alivuka mpaka kutoka Burundi mwaka sabini na mbili, kijana wa miaka ishirini na miwili, hana kitu ila shati mwilini. Alizalia watoto hapo, akazeekea hapo, na serikali ilipompa cheti cha uraia alikitia kwenye mfuko wa nailoni akakichomeka juu kwenye kenchi. Mkewe alizikwa pale shambani, chini ya migomba. Winifrida alishajichagulia na yeye mahali pake, ubavuni mwa mama.

Kusahau kulianza kwa namna ya kuchekesha. Mzee alitia chumvi kwenye chai, akainywa yote na kuisifu. Akamwita Careen kwa jina la mbuzi. Walicheka, naye akacheka nao. Kisha Jumapili moja alitoka kanisani akashika njia isiyo yake, akapatikana jioni kando ya barabara ya kwenda Kibondo mjini, viatu mkononi, hajui anakokwenda. Hapo kicheko kikaisha. Majirani walisema ni uzee, wengine wakasema amelogwa. Na watu wetu bwana, hata kuku akikosa kutaga basi amelogwa. Mwezi uliofuata mzee akaanza kumuulizia mkewe, ambaye alikuwa na miaka tisa kaburini.

Katikati ya hayo ndipo ilipokuja barua ya baraza la kata. Jirani yao Bazilio, Muha wa palepale, mtu mpole asiyejulikana kwa ugomvi, alikuwa amelalamika kwamba ekari zile tatu si za Pasikali. Alidai marehemu baba yake alimwazima tu yule mkimbizi, na kwamba ndiyo maana kila mwezi wa nane Pasikali alikuwa akiwapelekea dumu la urwarwa, ile pombe ya ndizi. Sasa miaka mitatu mfululizo pombe haijaja. Kwa desturi za huku, pombe ya namna hiyo ikikatika maana yake aliyeazimwa amejimilikisha. Na yeye Bazilio ana vijana wawili wakubwa, hawana pa kulima.

Winifrida aliisoma barua mara tatu. Pombe ile aliijua. Utotoni aliwahi kutangulia mbele ya baba yake amebeba kibuyu kidogo, na mama yake alimwambia ni ya urafiki, wazee wanatembeleana. Shamba walipewa, alisema mama, lote na moja kwa moja. Kwa hiyo Bazilio alikuwa mwongo, na uongo wake ulikuwa umengoja hadi wazee wote waliojua wafe. Alibaki shahidi mmoja tu chini ya jua hili aliyekuwepo siku shamba lilipotolewa, naye alikuwa amekaa kwenye kibaraza anavaa sweta miguuni.

Mwenyekiti wa baraza, Benedicto, alipanga wasuluhishi waje shambani kwenyewe baada ya miezi miwili, wamsikilize mzee papo hapo penye mipaka. Winifrida hakungoja kesho. Alimshika baba yake mkono wakaenda kituo cha afya kwa nesi Stumai.

Stumai alikuwa mtu wa Tanga, ameletwa huku na serikali, na miaka minne haikumzoesha baridi ya milima. Hadi saa sita mchana yumo ndani ya sweta. Alimpima mzee, akamuuliza siku, mwezi, jina la mjukuu, akaandika kwenye daftari lake la kliniki bila kunyanyua macho. Kisha akasema, "Mama Careen, sitakudanganya. Maradhi haya hayarudi nyuma. Lakini akili isiyotumika inaondoka upesi zaidi."

Akamweleza habari za mazoezi ya akili, michezo ya kucheza nyumba nzima, kila siku saa ileile, bila kumgombeza mzee akikosea. Akamwambia ya zamani ndiyo yanayokaa zaidi, waanzie huko, na kwamba kinachorudiwa kila siku ndicho kinachoshika. Winifrida aliyasikiliza yote kwa makini ambayo hakuwahi kuyaonyesha darasani. Sababu ya haraka yake hakuitaja, na nesi hakuuliza.

Wakaanza. Kila alasiri mkeka ulitandikwa barazani, na Careen, aliyekuwa kidato cha pili na mjuaji kupita kiasi, akawa ndiye mwalimu. Mchezo wa kwanza ulikuwa wa vitu saba chini ya kitenge: kijiko, kifungo, gunzi, kisu, kibiriti, kokwa ya parachichi na msumari. Mzee anaangalia, kitenge kinafunika, anataja. Siku ya kwanza alitaja vitatu, akadai vingine wamemwibia. Walihesabu kurudi nyuma kutoka mia, wakiruka tatu tatu, huku wanapura maharage. Careen alipakua kwenye simu ya mama yake mchezo wa kutafuta picha pacha, lakini picha zilikuwa za matunda ya Wazungu, na mzee aliliona moja jekundu lenye vipele akauliza kwa huruma kama linaumwa. Ikabidi Careen akate boksi la sabuni, achore mwenyewe jembe, kibuyu, mkungu wa ndizi, ng'ombe na vingine anavyovijua babu.

Kwenye bao mzee hakuhitaji mwalimu. Alichimba mashimo ardhini kwa mkono wake mwenyewe, akampiga Winifrida bila huruma siku nne mfululizo, akimwambia anacheza kama mtu anayepanda mbegu za mwenziwe. Na vitendawili walivitega kama walivyotega wazee wao. Careen akiita "Sokwe!" babu alijibu "Niruze!" kwa sauti ya kijana, na jibu mara nyingi lilimtoka kabla kitendawili hakijaisha.

Careen aliandika alama kwa chaki nyuma ya mlango. Tatu, tatu, nne. Wiki ya tatu, tano. Wiki ya tano mzee alitaja vitu sita, akafunga macho, akakunja kipaji cha uso, akasema msumari. Winifrida alimkumbatia. Alimkumbatia mbele ya watu waliokuwa wanapita barabarani, mtu ambaye hata msibani hushikana mikono tu. Zilikuwa siku nzuri, na ni haki zisemwe hivyo. Nyumba ilikuwa na kicheko, mzee alikula vizuri, na kuna jioni alimwita binti yake kwa jina kamili, Winifrida Mpawenimana, akamuuliza kwa nini amekonda.

Lakini Winifrida alikuwa na mchezo wake wa pembeni ambao nesi hakuufundisha. Kila alasiri, mkeka ukishakunjwa, alimzungusha baba yake mpakani. Hapa ni nini? Jiwe. Hapa? Mikonge mitano. Hapa? Mkuyu, ambapo tuliua nyoka. Na pale? Kijitoni. Kisha alimkalisha kwenye jiwe akamuuliza yale yenyewe. Nani alikuonyesha shamba? Baba yake Bazilio. Alifanyaje? Alininyooshea mkono hivi. Alisemaje? Alisema kutoka kwenye jiwe hadi kijitoni, lima.

"Vizuri, Baba," alimwambia. "Inatosha." Akampa kipande cha muwa.

Kila siku ilikuwa hivyo. Mzee akifika kwenye neno lima, mdomo bado u wazi, Winifrida anamsifu na muwa unatolewa. Je, alijua kuna kilichobaki nyuma ya neno lile? Mimi nasema hakujua. Ila hakutaka kujua pia, na mambo hayo mawili yanakaa nyumba za kupakana. Careen alipobuni mchezo wa miezi, babu ataje kazi ya kila mwezi shambani, mzee alienda vizuri tangu wa kwanza hadi wa saba, kisha kwenye wa nane akaanza kusugua magoti. Alisema wanapika urwarwa. Alisema kuna kitu amesahau cha mwezi wa nane, kitu kikubwa, akawa hatulii, akasimama, akakaa. Winifrida alimwambia Careen mwezi huo auruke, babu asichoke. Wahenga walisema ukimwamsha aliyelala utalala wewe. Winifrida aliujibu msemo huo kwenye mtihani wa shule ya msingi, akapata vema.

Siku ya wasuluhishi ilianza na jua. Walikuja wajumbe sita, wanaume wanne na wanawake wawili, Benedicto mbele na faili lake, na Bazilio na vijana wake wawili waliosimama mbali kidogo, kofia mkononi. Mzee Pasikali alikuwa amevaa koti. Benedicto alimwomba aonyeshe mipaka, naye akaondoka mbele yao bila fimbo. Jiwe. Mikonge mitano, mmoja ulikauka mwaka wa njaa tukapanda mwingine. Mkuyu. Kijitoni. Wajumbe walitazamana. Bazilio mwenyewe alisema, kwa furaha ya kweli, kwamba mzee amepata nafuu kubwa. Winifrida alitembea nyuma yao huku moyo unamdunda kwa fahari, na kwa mara ya kwanza tangu barua ile alihisi ardhi imetulia chini ya miguu yake.

Walirudi wakasimama chini ya migomba. Benedicto akamuuliza mzee ni nani alimwonyesha hapa, na alimwambia nini.

"Alininyooshea mkono," alisema Pasikali. "Akasema, kutoka kwenye jiwe hadi kijitoni, lima."

Akamtazama Winifrida, akimngojea aseme inatosha. Lakini lile halikuwa neno la kusemwa mbele ya baraza, na Winifrida akabaki ameuma mdomo. Benedicto, kwa adabu tu, akauliza, "Halafu, mzee?"

"Halafu akasema, lima mpaka wanangu watakapokuwa na haja nalo. Nikamjibu, mimi ni umugererwa wako, nimekaribishwa kwenye ardhi yako. Kila mwezi wa nane nitakuletea urwarwa, ili nisisahau, na watoto wangu wasisahau." Alisema polepole, neno kwa neno, kama mtu anayepanga mawe. Kisha akageuka. "Bazilio, mwanangu, ni miaka mingapi sijaleta? Niliugua kichwa. Nisamehe. Ni binti yangu huyu amenirudishia."

Akatabasamu. Tangu aanze kuugua hakuwahi kusema maneno mengi namna ile bila kupotea, na alijua kwamba hakupotea. Akamtazama tena Winifrida, na safari hii alikuwa anangoja kusifiwa.

Winifrida aliiona Kasulu. Aliliona godoro limeegemezwa ukutani nje, na shemeji zake wanaangalia pembeni. Aliliona kaburi la mama yake likiwa ndani ya shamba la watu, na yeye anaomba ruhusa ya kupalilia. Burundi hajawahi kukanyaga hata siku moja. Aliyawaza yote hayo kwa muda ambao mtu humeza mate mara moja, kisha akasogea mbele.

"Mwenyekiti, baba yangu ni mgonjwa," alisema. "Anachanganya mambo. Hajui anachosema."

Benedicto alishangaa. Alisema mzee amewatembeza mipaka yote bila kukosea hata mmoja. Winifrida hakubishana naye. Alimgeukia baba yake, na sauti aliyoitumia ilikuwa ileile ya kwenye mkeka, ya upole na ya kutia moyo.

"Baba, mama yuko wapi?"

Mzee hakufikiri hata kidogo. Alikuwa na uhakika, na alipenda kuulizwa.

"Ameenda kuchota maji," alisema, akaonyesha kijitoni. "Anarudi sasa hivi."

Kaburi lilikuwa hatua kumi kutoka pale, na msalaba wake, na jina. Mjumbe mmoja mwanamke alifanya ishara ya msalaba. Bazilio aliinamisha kichwa akaangalia vidole vya miguu yake, na mzee, alipoona watu wamenyamaza, akaangalia huku na huku kutafuta amekosea nini.

Benedicto alifunga faili. Alisema baraza haliwezi kuegemea maneno ya mtu aliye katika hali ile, na kwa kuwa upande mwingine hauna shahidi, waliolima miaka hamsini waendelee kulima. Asiyeridhika aende baraza la wilaya. Vijana wa Bazilio walitaka kwenda siku ileile. Baba yao akawakataza. "Nilikuwa na shahidi mmoja," alisema, "na wote mmemsikia." Akamwendea mzee, akamshika mikono yote miwili akamuaga kama mtoto anavyomuaga mzazi, akaondoka na wanawe.

Walipobaki watatu, Careen alisema, "Mama, lakini babu alipatia."

Winifrida alimwambia akaangalie jiko.

Njiani kupanda nyumbani mzee alikuwa anauliza swali moja tu, alikosea wapi. Aliuliza kama alivyouliza siku za vitu saba, akitaka aambiwe ili kesho asirudie. Winifrida alijibu kwamba hakukosea, ila anaumwa. Mzee akatembea hatua kadhaa. "Kumbe," alisema. Na hapo ndipo alipomwamini.

Mkeka ulitandikwa tena kesho yake na keshokutwa. Kitenge kikifunikwa, mzee hakutaja kitu. Alisema, "Sema wewe, mimi naumwa." Kwenye bao alishika kete mkononi akangoja aambiwe aziweke wapi. Alianza kumuuliza binti yake kama amekula, kama ni asubuhi, kama mguu unaomuuma ndio huu au ule. Kuna mchana alimwita Winifrida kutoka jikoni, akamuuliza kwa heshima, kama mtu anayemuuliza karani, "Winifrida, nina njaa?" Akasema ndiyo, Baba, una njaa, akampakulia. Kisha akarudi jikoni akalia, na kilio kile hakikuwa cha huruma tu, kilikuwa cha aibu, na alijua tofauti yake.

Shamba aliendelea kulilima. Maharage yalikuja vizuri mwaka ule. Bazilio akikutana naye njiani alimsalimia na kumuulizia mzee, na Winifrida angependa kuliko kitu chochote atukanwe.

Alasiri moja walikuwa barazani wote watatu, wanapura maharage. Mzee aliinua macho akatazama chini hadi kijitoni, akauliza, "Shamba hili ni la nani?"

Careen akasimamisha mikono. Winifrida alijua kwamba sasa hivi hakuna baraza, hakuna faili, hakuna mtu wa kuogopwa. Ni baba yake tu anauliza. Alijua pia kwamba angalau hapa angeweza kumrudishia mzee ukweli wake.

"Ni letu, Baba," alisema.

"Letu," alisema mzee, akaendelea kupura.

Kesho yake aliuliza tena, akajibiwa vilevile. Siku ya tano hakuuliza, alisema mwenyewe. Careen aliacha kukaa nao barazani. Alidai ana masomo mengi, na chaki ya nyuma ya mlango akaifuta bila kuagizwa. Mvua za masika zikaja, na mzee akapoteza vitu kimoja kimoja. Aliacha kumuulizia mkewe. Akasahau bao. Akasahau jina la Careen, na kufikia mwezi wa tano, Winifrida naye akawa mama fulani tu anayeleta chakula.

Nesi Stumai alipita siku moja kuwatembelea, sweta lake limelowa. Alikaa karibu na mzee, akamshika mkono, akamwambia amtajie kitu kimoja tu anachokikumbuka, chochote kile. Mzee alifikiri kwa muda mrefu.

"Shamba ni letu," alisema, wazi kabisa.

Stumai alifurahi. Aliandika kwenye daftari la kliniki, akamwambia Winifrida asikate tamaa, kwamba ameona mwenyewe jinsi mazoezi yanavyosaidia, na si familia nyingi zinazojitahidi namna hii. Winifrida alimshukuru, akachukua jembe, akateremka kumchimbia mihogo ya kwenda nayo nyumbani.